Mwanafunzi wa udaktari akiomba afundishwe tiba inayojali mazingira, anaomba nini hasa?

Taja neno mazingira mahali wanapozungumziwa madaktari watarajiwa, utaona mazungumzo yanavyogawanyika. Huku wanasema kazi ya daktari ni kuokoa maisha, habari za miti na plastiki awaachie wenye kazi hiyo. Kule wanauliza kwa hofu: kumbe siku moja nitanyimwa dawa kwa kuwa inachafua hewa? Wanafunzi wa udaktari wenyewe, ambao kwa miaka kadhaa sasa wamekuwa wakihojiwa kuhusu jambo hili katika nchi mbalimbali, hawako huku wala kule. Wanachoomba ni cha kawaida zaidi, na nadhani ni kigumu zaidi pia.

Wanaomba wafundishwe huduma endelevu za afya, yaani zile zinazomtibu vizuri mgonjwa aliye mbele yako bila kumtengenezea ugonjwa mtu mwingine: jirani anayevuta moshi wa tanuri la kuchomea taka za hospitali, mvuvi ambaye mto wake unapokea mabaki ya dawa, au mtoto ambaye hajazaliwa na atakayeikuta dunia ina joto zaidi. Ndani yake yamo mazingira, fedha na haki kwa pamoja. Hospitali iliyojaza paneli za sola kwenye paa lakini inamfungia mlango asiye na kitu, haijafika huko.

Hapo kuna masomo mawili ambayo watu huyachanganya, na vyuo pia huyachanganya. La kwanza ni jinsi mabadiliko ya tabianchi yanavyoharibu afya: joto kali linalochosha moyo na figo, mafuriko yanayoleta kipindupindu, mbu wanaopanda kwenye miinuko iliyokuwa na baridi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kati ya mwaka 2030 na 2050 mabadiliko hayo yatasababisha vifo vya ziada vipatavyo 250,000 kila mwaka, kutokana na utapiamlo, malaria, kuhara na joto. La pili ni kinyume chake: jinsi tiba yenyewe inavyochangia tatizo. Chuo kinachofundisha la kwanza mara nyingi huhesabu kwamba kimemaliza. Mwanafunzi wake anajua namna joto linavyomwangusha mzee, lakini hajui dawa ya usingizi iliyotumika thieta, chumba cha upasuaji, asubuhi ile imekwenda wapi.

Imekwenda angani. Mgonjwa anapopigwa nusukaputi kwa gesi, mwili wake hauitumii gesi hiyo kama unavyotumia chakula. Nyingi huingia mapafuni, hufanya kazi yake kwenye ubongo, kisha hutoka jinsi ilivyoingia. Mashine huifyonza ili wafanyakazi wa thieta wasiivute, na bomba huipeleka nje ya jengo. Moja ya gesi hizo, desflureni, ina nguvu ya kuipasha dunia joto mara takriban 2,500 ya hewa ukaa, kilo kwa kilo, ukihesabu kwa miaka 100. Dada yake, sevoflureni, haifiki hata sehemu ya kumi ya hapo, na kwa wagonjwa walio wengi inafanya kazi ileile. Scotland iliacha kuitumia desflureni hospitalini mwaka 2023, England ikafuata, na Umoja wa Ulaya umeizuia kuanzia Januari 2026 isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine kitabibu.

Halafu kuna kitufe kidogo kwenye mashine yenyewe, kile cha kuongeza na kupunguza mtiririko wa gesi. Mtaalamu anayeuacha mtiririko kwenye lita sita kwa dakika wakati mgonjwa ameshalala na hali yake imetulia, anamwaga dawa nje kwa kasi kubwa kuliko anayeushusha hadi lita moja au chini ya hapo. Mgonjwa hatambui tofauti. Mwanafunzi aliyesimama pembeni na barakoa usoni ataona mkono ukigusa kitufe kile au ukikiacha, na ataondoka na tabia mojawapo bila mtu kumwambia neno. Hilo la kuona bila kuambiwa nitalirudia, kwa sababu ndilo kiini cha malalamiko ya wanafunzi.

Ukubwa wa jambo lenyewe

Mwaka 2019 shirika la Health Care Without Harm, pamoja na kampuni ya uhandisi ya Arup, walitoa hesabu ya dunia nzima: sekta ya afya inachangia asilimia 4.4 ya gesijoto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, zinazozalishwa na binadamu. Ingekuwa nchi, ingeshika nafasi ya tano kwa uchafuzi. Lakini takwimu inayofaa kukaa kichwani ni nyingine. Asilimia 71 ya gesi hizo haitoki kwenye jenereta, magari wala bomba la moshi la hospitali. Inatoka kwenye mlolongo wa vitu vinavyonunuliwa: kutengeneza dawa, mabomba ya sindano, mashine na chakula, kuvifunga, kuvisafirisha, na kuvitupa.

Ukilielewa hilo, swali la kwa nini daktari ahusike linajijibu. Umeme wa hospitali unaamuliwa na mhandisi na mhasibu. Lakini dawa ipi iandikwe, kipimo kipi kiagizwe, mgonjwa arudi baada ya wiki mbili au miezi miwili, hayo yanaamuliwa na kalamu ya daktari, mara mia kwa siku, na mkono unaoishika kalamu hiyo hufunzwa chuoni.

Chukua parasetamoli. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji mdogo ameamka, anakunywa maji, anaongea. Ukimpa vidonge viwili, umetumia vidonge na kikombe. Ukimpa ya kwenye mshipa, kuna chupa, mpira wa dripu, kanula, vibandiko, pamba ya spiriti, glovu, na dakika kadhaa za muuguzi. Kwa mtu anayeweza kumeza, maumivu yanapoa sawa tu. Ya mshipani ina gharama kubwa zaidi, ina taka nyingi zaidi, na inaacha tundu kwenye ngozi ambalo bakteria wanalijua vizuri. Sasa mwulize mwanafunzi kwa nini wodi ile inaandika ya mshipani kwa kila anayetoka thieta. Atakwambia: ndivyo tulivyokuta.

Mazoea ya aina hiyo hayahitaji teknolojia mpya kuyaondoa. Mwaka 2018 wauguzi wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, walianza kuwakumbusha wenzao kwamba glovu ni za kujikinga na damu, majimaji ya mwili na kemikali kali, na hazihitajiki kumlisha mtoto wala kumsukuma kwenye kiti. Ndani ya mwaka mmoja matumizi ya plastiki yalishuka kwa zaidi ya tani 20. Na kwa kuwa mtu aliyevaa glovu hujisahau kunawa, kuzivua pasipohitajika ni jambo la usalama wa mgonjwa kabla hata halijawa la mazingira.

Hofu ya kupunguziwa

Dhana potofu iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba kujali mazingira ni jina jingine la kubana matumizi. Siwalaumu wanaoihofia, wakubwa wa hospitali wamewahi kuyafunika mengi kwa maneno mazuri. Lakini angalia mpangilio ambao wataalamu wa fani hii wanaufundisha. Kwanza zuia ugonjwa. Pili mwezeshe mgonjwa kuusimamia ugonjwa wake mwenyewe. Tatu ondoa hatua zisizomsaidia: kipimo kilichorudiwa bure, antibiotiki kwa mafua ya virusi, safari ya kliniki ya kuambiwa tu kwamba majibu ni mazuri. Ya nne, na ya mwisho, ndiyo hiyo ambayo umma huifikiria kuwa ya kwanza: kati ya tiba mbili zenye faida sawa, chagua yenye madhara madogo kwa mazingira. Mtu asiyepata kiharusi kwa sababu shinikizo lake la damu lilidhibitiwa mapema ameokoa dripu, picha za kichwa, vitanda na magari ya wagonjwa ya miaka mingi. Hajanyimwa chochote.

Mfano wanaoupenda walimu unatoka kusini mwa India, kwenye mtandao wa hospitali za macho za Aravind ulioanzishwa na Dk. Govindappa Venkataswamy mwaka 1976. Kule upasuaji mmoja wa mtoto wa jicho, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2017, unazalisha takriban kilo 6 za hewa ukaa, kama asilimia 5 ya upasuaji huohuo unavyozalisha Uingereza. Vifaa vinatakaswa kwa mvuke na kurudi kazini haraka, chumba kimoja kina vitanda viwili ili daktari asisubiri, chupa moja ya dawa ya matone inahudumia zaidi ya mgonjwa mmoja. Na viwango vya maambukizi ndani ya jicho baada ya upasuaji havizidi vya nchi tajiri. Baadhi ya taratibu hizo zingepigwa marufuku kwingine kwa jina la usalama. Hapo mwanafunzi anajifunza jambo ambalo kitabu hakimwambii: kanuni nyingine za usafi zimesimama juu ya ushahidi, na nyingine juu ya hofu ya kesi au ushawishi wa muuza vifaa, na kazi yake ni kuzitofautisha. Kuzivunja kiholela hakuna aliyemruhusu.

Dhana nyingine, fupi: kwamba yote haya ni habari ya mapipa ya rangi. Kutenga taka kuna maana. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 85 ya taka za hospitali ni za kawaida tu, hazina hatari, ila zikichanganywa na asilimia 15 zilizobaki zote hulazimika kutibiwa kama za hatari na kupelekwa tanurini. Lakini pipa liko mwisho wa safari. Kifaa kikifika pale, madhara yake mengi yameshafanyika kiwandani na njiani.

Na pingamizi hili lina uzito kuliko mengine: sisi hata glovu hazitutoshi, mnatuambia tupunguze? Ni haki kuuliza. Marekani, China na Umoja wa Ulaya peke yao walihesabiwa kuzalisha zaidi ya nusu ya gesijoto zote za sekta ya afya duniani. Hospitali inayozima taa kwa kukosa umeme haidaiwi kitu na mtu yeyote. Ila uhaba na ufujaji huishi nyumba moja kwa amani kabisa. Wodi isiyo na oksijeni ya kutosha inaweza kuwa na mitungi inayovuja, na stoo isiyo na dawa muhimu inaweza kuwa imejaa dawa zilizopitwa na muda. Huko Uingereza, ukaguzi ulioanzia Edinburgh uligundua kuwa sehemu kubwa ya nitrasi oksaidi, gesi ya kutuliza maumivu, iliyokuwa ikinunuliwa ilivuja kwenye mabomba kabla ya kumfikia mgonjwa. Walikuwa wakilipia hewa iliyokuwa ikitoroka.

Wanafunzi wanasema nini

Shirikisho la kimataifa la vyama vya wanafunzi wa udaktari, IFMSA, lilikagua vyuo 2,817 katika nchi 112 na kuchapisha matokeo mwaka 2020: ni asilimia 15 tu vilivyokuwa vimeingiza tabianchi na afya kwenye mtaala. Katika asilimia nyingine 12 kulikuwa na shughuli za namna hiyo zilizoendeshwa na wanafunzi wenyewe. Kumbuka huo ni ukaguzi wa kama somo lipo. Namna linavyofundishwa ni habari nyingine.

Wakiulizwa wanavyoona, majibu hujirudia kutoka nchi moja hadi nyingine. Walio wengi wanakubali kwamba jambo hili linawahusu. Wachache wanasema wamefundishwa vya kutosha. Wachache zaidi wangeweza kumweleza mgonjwa chochote juu yake bila kubabaika. Hadi hapo hakuna la kushangaza. Yanayofuata ndiyo yenye faida.

Hawataki mhadhara wa ziada. Mtaala wa udaktari umeshafurika, na mwanafunzi anayekesha na anatomia hatafurahia saa mbili za picha za barafu inayoyeyuka. Wanataka jambo hili liwe kama chumvi: hakuna anayepakuliwa chumvi kwenye sahani yake peke yake, lakini ikikosekana chunguni kila mlaji anajua. Somo la figo litaje maji na umeme wa usafishaji damu. Somo la dawa litaje dawa inakokwenda baada ya mkojo. Somo la pumu litaje gesi iliyomo kwenye kopo la dawa ya kuvuta. Hatari ya njia hii, na wenyewe wanaiona, ni kwamba kitu kilichotawanyika kila mahali huweza kupotea kila mahali, kwa hiyo lazima awepo mtu mwenye dhamana ya kuhakikisha kimetiwa.

Hawataki pia kutwishwa hatia. Mtu wa miaka ishirini na mbili, cheo chake cha mwisho kabisa kwenye msafara wa wodi, anaambiwa mustakabali wa dunia umo mikononi mwake, kisha anapewa trei ya plastiki yenye vifaa kumi na viwili ili atumie vitatu. Afanye nini? Amwambie daktari bingwa anayempa alama kwamba anafuja? Wataalamu wa elimu ya tiba wana jina la hali hii, mtaala uliojificha: yale ambayo hospitali inakufundisha kwa kutenda huku darasa likikufundisha mengine kwa maneno. Na kila mtu aliyepita wodini anajua ni mwalimu yupi hushinda. Kwa maoni yangu hapa ndipo vyuo vingi hukosea. Huandaa slaidi nzuri kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, wakati anayepaswa kufundishwa kwanza ni bingwa atakayemfundisha mwaka wa tano.

Bingwa naye hakufundishwa. Walimu wengi husema waziwazi kwamba somo hili hawalijui, na katika taaluma ambayo kukiri kutojua mbele ya wanafunzi si desturi, njia rahisi ni kuliruka. Ndiyo maana mwaka 2021 chama cha kimataifa cha elimu ya tiba, AMEE, kilitoa tamko la pamoja lililowataka waelimishaji wajifunze somo hili pamoja na wanafunzi wao. Wengine hawakusubiri. Mwaka 2019 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walianzisha kadi ya tathmini inayokipa chuo alama kama ambavyo chuo humpa mwanafunzi, ikiangalia mtaala, utafiti, ushirikiano na jamii, misaada kwa miradi ya wanafunzi na mazingira ya kampasi yenyewe. Imeenea nchi nyingi. Nina shaka na alama kwa jumla, maana chuo chenye fedha hujipanga kuzipata, lakini nakiri kwamba hakuna barua ya malalamiko iliyowahi kumwamsha mkuu wa chuo kwa kasi ya alama mbaya iliyotangazwa hadharani.

Wapo pia wanafunzi wasiotaka. Baadhi wanaona ni siasa iliyovalishwa koti jeupe, wengine wanasema wazi kwamba watasoma kitakachotoka kwenye mtihani na si zaidi. Hao wa mwisho nawaona wakweli kuliko wote, na ndio waliotoa dokezo la maana. Uingereza, baraza la madaktari liliandika mwaka 2018 kwamba daktari mpya lazima aweze kutumia misingi ya huduma endelevu katika kazi yake. Sharti la namna hiyo hubaki wino mkavu hadi siku litakapokaa kwenye meza ya mtahini.

Na linaweza kukaa vizuri tu. Mtihani wa vitendo, ule ambao mtahiniwa hupita kituo hadi kituo, na hiki ni cha dakika nane: mwanamke mwenye pumu amekuja kuongezewa inhela ya bluu ya salbutamoli, dawa ya kuvuta inayofungua njia ya hewa haraka, kopo lake la kumi mwaka huu. Kopo la aina hiyo, lenye mipulizo 200, husukumwa na gesi ambayo kwa kila kopo inalingana na kilo 10 hadi 28 za hewa ukaa, wakati inhela ya unga haifiki hata kilo moja. Mtahiniwa anayeanzia hapo ameanzia mkiani. Miongozo ya kimataifa ya pumu inasema makopo matatu au zaidi kwa mwaka ni dalili ya hatari ya kubanwa vibaya, na kumi na mawili au zaidi yanaambatana na hatari ya kifo. Mama huyu pumu yake haijadhibitiwa. Aulizwe kama anatumia dawa ya kuzuia yenye steroidi kila siku. Aombwe aonyeshe anavyovuta: pengine anapuliza mdomoni na kumeza. Aulizwe kama nyumbani kuna moshi. Dawa ya kuzuia ikianza kufanya kazi, ya bluu itapungua yenyewe, na gesi pamoja nayo. Baada ya hapo ndipo mtahiniwa apime kama mgonjwa ana nguvu ya kuvuta unga kwa pumzi moja ya haraka, jambo ambalo mtoto mdogo na baadhi ya wazee hawaliwezi, na wao wanabaki na kopo lao na chombo chake cha kuvutia bila mtu kuwahukumu. Aliyeruka yote hayo na kumbadilishia inhela dakika ya kwanza kwa sababu ya hewa ukaa, kituo hicho hakufaulu.